Kasi na Ufasaha: Ujifunzaji wa Melodia za Bibopu katika Gita la Jazi kwa Mwendo wa Wastani

Utangulizi

Mnamo tarehe 26 Novemba 1945, mpiga saksafoni Charlie Parker aliingia studioni jijini New York kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Savoy. Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa siku hiyo ni "Now's the Time" na "Billie's Bounce", ambazo mwendo wake ni wa kadiri, pamoja na "Ko-Ko", ambayo hukimbia kwa takriban mapigo 300 kwa dakika. Tarumbeta katika zile mbili za mwanzo ilipigwa na kijana wa miaka 19, Miles Davis. Ilipowadia zamu ya "Ko-Ko", Davis hakupiga. Tarumbeta ilishikwa na Dizzy Gillespie, na Davis mwenyewe alikuja kukiri katika tawasifu yake ya mwaka 1989 kwamba hakujiona yu tayari kwa wimbo ule.

Tukio hilo linaibua swali ambalo kila mwanafunzi wa gita la jazi hukumbana nalo mapema. Je, mtu ajifunze vipi muziki ambao rekodi zake mashuhuri zaidi huenda kwa kasi asiyoweza kuifikia? Wengi hulijibu swali hili kwa vidole badala ya akili: huifungua rekodi, hujaribu kuikimbiza, hukwama katika kipimo cha tatu, kisha huanza upya kwa hasira ileile. Baada ya miezi kadhaa huwa wameyazoea makosa yao barabara. Makala haya yananuia kueleza kwa nini melodia za bibopu zinafaa kusomwa kwa mwendo ambao mpigaji anaumudu bila dhiki, na ni yapi hasa yanayopatikana katika mwendo huo ambayo kasi huyaficha.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno moja lifafanuliwe. Msomaji wa Afrika Mashariki amelizoea neno "jazz" katika majina ya bendi za dansi, mathalan Morogoro Jazz ya Tanzania au Victoria Jazz ya Kenya. Bendi hizo zililichukua jina, bali muziki wao ulikuwa ni wa dansi wenye mizizi ya rumba na midundo ya kienyeji. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile ya Wamarekani weusi, na bibopu ni tawi lake lililochipuka mjini New York mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Chimbuko la bibopu

Katika mtaa wa Harlem, kwenye barabara ya 118, palikuwa na klabu iliyoitwa Minton's Playhouse, iliyofunguliwa mwaka 1938. Wanamuziki waliokuwa wakipata riziki katika bendi kubwa za dansi walikutana pale usiku wa manane, kazi ya ujira ikiisha, wapige wapendavyo. Mpiga piano wa hapo alikuwa Thelonious Monk na mpiga ngoma alikuwa Kenny Clarke. Gillespie na, baadaye, Parker walifika pia. Bendi kubwa zilipiga ili watu wacheze. Hawa walipiga ili wasikilizwe, na hasa wasikilizwe na wenzao waliokuwa na sikio kali.

Ni muhimu kwa mwanafunzi wa gita kujua kwamba chombo chake kilikuwapo tangu chanzo. Charlie Christian, mzaliwa wa Texas aliyekulia Oklahoma City, alijiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na gita la umeme, chombo kilichokuwa kigeni wakati huo. Gita lisilo la umeme halikuweza kusikika mbele ya tarumbeta na saksafoni, na kwa hivyo kazi yake ilikuwa kushikilia mdundo tu. Christian alilitoa gita nyuma ya jukwaa na kulifanya lizungumze kwa sentensi ndefu kama za saksafoni. Mwaka 1941 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Jerry Newman, alibeba mtambo wake wa kurekodia hadi Minton's na kuzinasa baadhi ya sauti za Christian akipiga pale. Tarehe 2 Machi 1942 Christian alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 25. Hakuwahi kuishuhudia bibopu ikiwekwa katika santuri, kwani mgomo wa chama cha wanamuziki wa Marekani ulisimamisha takribani rekodi zote kuanzia Agosti 1942, na kwa kampuni kubwa haukuisha hadi Novemba 1944.

Melodia mpya juu ya msingi wa kale

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ataitambua mara moja mojawapo ya mbinu kuu za watunzi wa bibopu. Mshairi hutwaa bahari inayojulikana, yenye mizani na vina vilivyokwisha kuwekwa na waliomtangulia, kisha akaijaza maneno yake mwenyewe. Hakuna amshutumuye kwa wizi wa bahari. Vivyo hivyo, Parker na wenzake walichukua mfuatano wa akodi (yaani mafungu ya sauti zinazolia kwa pamoja chini ya melodia) kutoka katika nyimbo zilizopendwa, wakaitupilia mbali melodia ya zamani na kutunga mpya. "Ko-Ko" imejengwa juu ya "Cherokee", wimbo wa Mwingereza Ray Noble wa mwaka 1938. "Ornithology" imesimama juu ya "How High the Moon" ya 1940. "Anthropology" ni mmojawapo wa nyimbo nyingi mno zilizozaliwa na "I Got Rhythm" ya George Gershwin ya 1930. "Donna Lee" imepanda juu ya wimbo wa mwaka 1917 kuhusu jimbo la Indiana.

Sababu zilikuwa mbili, moja ya kisanaa na nyingine ya kifedha. Ya kisanaa ni kwamba mpigaji aliyeujua msingi aliweza kutunga papo kwa papo bila kupotea njia. Ya kifedha ni kwamba sheria ya hakimiliki ililinda melodia, wala si mfuatano wa akodi. Kampuni ya rekodi iliyotoa melodia mpya haikulazimika kumlipa mtunzi wa ile ya kale. Pengine ndiyo sababu ya pili iliyozaa kazi nyingi kuliko ya kwanza, ingawa wapenzi wa jazi hawapendi kuitaja sana.

Kwa mwanafunzi, jambo hili lina manufaa makubwa. Melodia ya bibopu ni ufafanuzi wa akodi zilizo chini yake. Kila sentensi yake huonyesha njia ya kutoka akodi moja hadi nyingine, na mara nyingi noti muhimu ya akodi mpya huangukia pale pale akodi hiyo inapoingia. Chukua mbinu ya kuizingira noti. Badala ya kuirukia noti ya C moja kwa moja, mtunzi hupiga kwanza noti iliyo freti moja juu yake, kisha iliyo freti moja chini yake, halafu ndipo atue kwenye C. Noti mbili za mwanzo ni ngeni katika ngazi, na zikisimama peke yake huudhi sikio. Zikifuatwa na ile ya tatu, sikio husikia kwamba zilikuwa zikielekea nyumbani. Ajifunzaye melodia kumi za namna hii huwa amejifunza, pasi na kusoma kitabu cha nadharia, sarufi nzima ya utunzi wa papo kwa papo.

Lakini sarufi hiyo haisikiki kwa mpigaji anayekimbia. Hapa ndipo hoja ya mwendo inapoanzia.

Hesabu ya kasi

Yafaa tupige hesabu kidogo. Melodia nyingi za bibopu zimejaa noti za nusu pigo, yaani noti mbili katika kila pigo. Katika mwendo wa mapigo 300 kwa dakika, noti hizo ni 600 kwa dakika, ambazo ni noti 10 katika kila sekunde. Katika mwendo wa mapigo 120, noti ni 240 kwa dakika, yaani 4 katika sekunde. Kwa noti 4 katika sekunde, mtu aliye makini anaweza kuisikia kila moja, akatambua iliyo nzito na iliyo nyepesi, na hata akarekebisha ya tatu kwa sababu ya pili ilikwenda kombo. Kwa noti 10, hayo hayawezekani. Mkono hutekeleza ulichokwisha kufundishwa, na iwapo ulifundishwa ovyo, utatekeleza ovyo.

Mwendo wa wastani, kwa hiyo, hauna nambari moja. Ni mwendo ambao mpigaji anaweza kuisikiliza sauti yake huku akipiga. Kwa mmoja huenda ukawa mapigo 70, kwa mwingine 140. Ipo alama rahisi ya kuutambua: mpigaji aweze kuimaliza melodia mara tatu mfululizo bila kukaza bega, bila kubana taya, na bila kushusha pumzi mwishoni kama aliyetua mzigo. Misuli inayokazwa kila siku hujifunza kukazwa. Wako wapigaji waliolazimika kuliweka gita chini kwa miezi mingi kwa sababu ya maumivu ya mishipa ya mkono, na si wote waliolirudia.

Hata hivyo, methali ya polepole ndio mwendo isichukuliwe hapa kwa wepesi. Kupiga polepole nako kuna mitego yake, na walimu wengi huitaja nusu tu ya habari. Mtego wa kwanza ni wa mkono. Katika mwendo wa chini, mpigaji ana nafasi ya kuinua vidole juu sana na kuutupa mkono wa kulia kwa madaha, na hakuna kinachoharibika. Mwendo ukipanda, miondoko hiyo mipana haina pa kwenda. Kwa hiyo sharti mtu apige polepole kwa miondoko midogo ileile ambayo angeitumia kama angepiga haraka: kidole kisiachane na uzi zaidi ya inavyobidi, na plektra, kile kipande cha plastiki kinachokwarua nyuzi, isivuke uzi kwa mbali.

Mtego wa pili ni wa mdundo, nao ni wa hila zaidi. Noti mbili za nusu pigo katika jazi hazilingani kwa urefu. Ya kwanza hurefushwa na ya pili hufupishwa, na hapo ndipo unapotoka ule mwinamo wa muziki huu ambao Wamarekani huuita suingi. Watafiti waliopima upigaji wa wanamuziki wa jazi wamebaini kwamba tofauti ya urefu baina ya noti hizo ni kubwa katika mwendo wa chini, na hupungua kadiri mwendo unavyopanda hadi noti zikakaribia kulingana. Maana yake ni kwamba wimbo uliopunguzwa kasi si picha iliyokuzwa ya ule wa kasi. Ni wimbo wenye mwinamo tofauti. Mwanafunzi anayeutia mwinamo mkubwa katika mapigo 80 na kuung'ang'ania hadi mapigo 200 atasikika kama punda anayechechemea. Dawa yake ni kuzipiga noti karibu sawa tangu mwanzo, na kuacha mwinamo utokane na mkazo: noti inayoangukia katikati ya pigo itiwe nguvu kidogo, ile inayoangukia juu ya pigo ilegezwe. Wapo wanaoiweka metronomu igonge katika pigo la pili na la nne pekee la kila kipimo, kama apigavyo mpiga ngoma wa jazi kwa mguu. Metronomu ikigonga mara 60 kwa dakika kwa njia hiyo, mwendo halisi wa wimbo huwa 120. Zoezi hili humfichulia mtu udhaifu wake wote kwa dakika tano tu.

Gita na ndimi za saksafoni

Sehemu kubwa ya melodia za bibopu zilitungwa na wapulizaji, si wapiga gita. Hili huleta taabu za aina yake, na ni vyema zijulikane ili mwanafunzi asijilaumu kwa kosa lisilo lake.

Kwanza, kuna suala la ngazi. "Now's the Time", "Billie's Bounce", "Confirmation" na "Scrapple from the Apple" zote ziko katika ngazi ya F. "Anthropology" iko katika B-flati na "Donna Lee" katika A-flati. Kwa saksafoni ya alto aliyoitumia Parker, ambayo noti zake huandikwa tofauti na zinavyosikika, F ya piano ni D kwenye chombo chake, ngazi iliyo nyepesi kwa vidole. Gita nalo lina nyuzi sita zinazolia E, A, D, G, B na E zikiachwa wazi, na hupenda ngazi kama E, A na G. Katika A-flati, nyuzi nyingi za wazi huwa hazifai. Mpigaji hulazimika kushika kila noti kwa kidole.

Pili, noti moja ya gita hupatikana mahali pengi. Kwa mfano, E ya uzi wa kwanza ulio wazi ndiyo ile ile iliyo katika freti ya 5 ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu, freti ya 14 ya uzi wa nne na, kwa gita lenye shingo ndefu, freti ya 19 ya uzi wa tano. Saksafoni haina utata wa namna hii kwa kiwango hicho. Sentensi moja ya noti nane katika gita inaweza kupigwa kwa njia kadhaa, na chache tu kati ya hizo ndizo zitakazoruhusu kasi baadaye. Huu ndio uamuzi mzito zaidi katika ujifunzaji wa melodia yoyote ya bibopu, na haufanywi ila polepole. Mtu hujaribu sentensi katika sehemu ya chini ya shingo, akaihamisha katikati, akasikiliza ni wapi sauti inakaa pamoja na ni wapi inakatika. Anayekurupuka kukariri njia ya kwanza aliyoipata huja kuibomoa nyumba ili abadilishe mlango.

Tatu, kuna pumzi. Mpulizaji hukata sentensi kwa sababu lazima avute hewa. Mpiga gita halazimishwi na chochote, na ndiyo maana wapiga gita wengi huongea bila kituo. Aidha, mpulizaji haanzishi kila noti kwa ulimi. Nyingine huteleza kutoka katika ile iliyotangulia, na nyingine humezwa kiasi kwamba husikika kwa kukisiwa tu. Mpiga gita anayekwarua kila noti kwa nguvu sawa hutoa sauti ya cherehani. Ili apate ule mtelezo, yambidi achague ni noti zipi zikwaruliwe na zipi zipigwe kwa kidole cha kushoto pekee. Tena uchaguzi huu haufanyiki katika mapigo 200.

Kusikia kwanza

Inasimuliwa katika wasifu za Parker kwamba katikati ya miaka ya 1930, akiwa bado kijana mdogo mjini Kansas City, alipanda jukwaani kupiga na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia sahani ya ngoma miguuni ili ashuke. Watu walicheka. Katika kiangazi cha mwaka 1937 alikwenda na bendi katika milima ya Ozark, akabeba rekodi za Count Basie, na huko akazisoma sentensi za mpiga saksafoni Lester Young moja baada ya nyingine. Katika mahojiano ya mwaka 1954 alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi kati ya saa 11 na 15 kwa siku. Aliyeshushwa kwa kelele ya shaba alirudi akiwa na lugha.

Wanafunzi wa kizazi kilichofuata walijifunza vivyo hivyo, kwa mashine ya santuri. Waliokuwa na mashine yenye mwendo wa mizunguko 16 kwa dakika waliweza kuipiga santuri ya mizunguko 33 kwa nusu ya kasi yake. Kwa kanuni za fizikia, sauti iliyopunguzwa kasi nusu hushuka oktava moja kamili, kwa hiyo melodia ilibaki katika ngazi yake ingawa saksafoni ilinguruma kama ng'ombe. Siku hizi programu za kompyuta na simu hupunguza kasi bila kugusa kimo cha sauti. Urahisi huo ni neema, ila una hatari yake ndogo: mtu anaweza kuipunguza rekodi hadi ikawa noti zilizotawanyika, akaziokota moja moja kama changarawe, na asiwahi kuisikia sentensi.

Ndiyo maana walimu wengi wa jazi husisitiza kwamba melodia iimbwe kabla ya kupigwa. Atakayeweza kuiimba "Now's the Time" kwa mdomo, akiwa jikoni au njiani, atakuwa tayari anajua mahali pa mkazo na mahali pa pumzi. Kilichobaki ni vidole. Asiyeweza kuiimba bado hajaijua, hata kama vidole vyake vinaipiga. Aliyejifunza kughani tenzi kwa kumsikiliza mghani kabla ya kuona maandishi ataelewa tofauti hii bila kuelezwa zaidi.

Baada ya kuimba, melodia hugawanywa katika sentensi za vipimo viwili viwili. Kila sentensi hutafutiwa njia yake shingoni, hupigwa kwa mwendo wa wastani mpaka itulie, ndipo ya pili iunganishwe nayo. Makosa mengi hutokea kwenye maungio, na kwa hiyo maungio yenyewe yafanyiwe mazoezi kama sentensi huru: noti nne za mwisho za moja na nne za mwanzo za nyingine. Metronomu ipandishwe kwa mapigo machache tu, na irudishwe chini kila siku inayofuata. Hapo tena kuna nafasi ya kugusa kasi bila kudhurika. Sentensi moja fupi, iliyokwisha kueleweka, hupigwa mara moja kwa mwendo wa rekodi, kisha mkono hupumzishwa. Mkono unajifunza jinsi kasi inavyohisi pasipo kulazimishwa kuibeba wimbo mzima.

Uchaguzi wa nyimbo nao si jambo la kupuuzwa. "Now's the Time" ni bluzi ya vipimo 12 na ina wazo moja fupi linalorudiwa. Ndiyo lango la wengi. "Billie's Bounce", ambayo ni ya umbo lilelile, ina sentensi zilizovunjika mahali pasipotarajiwa na humfundisha mtu kuhesabu. "Yardbird Suite" ya 1946 huimbika kama wimbo wa kawaida. "Donna Lee", yenye vipimo 32 vilivyosheheni noti karibu bila mapumziko, huwavutia wanafunzi kabla ya wakati wake kwa sababu ni ya kujionyesha. Haina ubaya, mradi isiwe ya kwanza.

Wapiga gita watatu

Historia ya gita lenyewe haimpi mwanafunzi jibu moja kuhusu kasi, na ni vizuri iwe hivyo. Wes Montgomery wa Indianapolis alianza gita akiwa mtu mzima, na akajifunza kwa kuzikariri rekodi za Charlie Christian. Alipata kazi katika klabu kwa ajili ya kuzipiga sentensi hizo za Christian, na zikiisha alikuwa hana lingine la kupiga. Alikwarua kwa kidole gumba, inavyosimuliwa kwa sababu hakutaka kuwaudhi majirani usiku, na aghalabu gumba lilikwenda chini tu. Kwa mpimaji wa kasi, hiyo ni mbinu mbovu. Kwa aliyeisikia albamu yake ya mwaka 1960, *The Incredible Jazz Guitar*, hilo si swali tena.

Tal Farlow alikuwa kinyume chake. Alipojiunga na kundi la watu watatu la Red Norvo, ambalo besi yake ilishikwa na Charles Mingus, alikuta nyimbo zikipigwa kwa kasi iliyomshinda. Alilazimika kuikimbilia, na akaipata. Akawa mmojawapo wa wapiga gita wenye kasi zaidi wa enzi yake. Kisa chake kinaonyesha kwamba kuna watu ambao kasi huwafundisha. Ila ikumbukwe kwamba alikuwa na melodia kichwani kabla ya kukutana na mwendo huo. Kilichomkosa ni mkono. Jimmy Raney naye alisimama kati ya hao wawili. Katika rekodi zilizofanywa mwaka 1951 kwenye klabu ya Storyville mjini Boston, akiwa na mpiga saksafoni Stan Getz, utunzi wake "Parker 51" unasikika ukienda juu ya akodi zilezile za "Cherokee". Noti zake zimetulia hata mwendo unapokuwa mkali, na kila sentensi ina mwanzo na kituo.

Wa nne hakuwa miongoni mwa waasisi, lakini kisa chake hakiwezi kuachwa. Pat Martino, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1944, alikuwa tayari na jina kubwa alipofanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1980. Alipozinduka alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake, na pamoja nazo gita. Alijifunza upya, kwa muda wa miaka, na miongoni mwa walimu wake zilikuwamo santuri alizokuwa amezirekodi mwenyewe. Mtu alikaa akiisikiliza mikono yake ya zamani kana kwamba ni ya mgeni, akiitafuta noti kwa noti. Mwaka 1987 alitoa albamu iliyoitwa *The Return*, na aliendelea kupiga kwa miongo mitatu zaidi. Alifariki mwaka 2021.

Ama kijana Miles Davis, ambaye hakupiga tarumbeta katika "Ko-Ko", alibaki na Parker. Tarehe 8 Mei 1947, takribani mwaka mmoja na nusu baadaye, kundi la Parker liliingia studioni tena kwa ajili ya Savoy, Bud Powell akiwa kwenye piano na Max Roach kwenye ngoma. Mojawapo ya nyimbo za siku hiyo ni "Donna Lee", inayokwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Saksafoni na tarumbeta zinaipiga melodia yote kwa pamoja, noti kwa noti, na tarumbeta ni ya Davis. Santuri ilimtaja Parker kuwa mtunzi. Wengi leo wanakubali kwamba aliyeitunga ni Davis.